Ludomir Szczepkowiak: Miaka Thelathini na Minane Mbele ya Orkestra ya Wierzbnica

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2017, baada ya miaka thelathini na minane na miezi minne ya utumishi, Bwana Ludomir Szczepkowiak, mtunzi wa muziki na kiongozi wa orkestra ya mji wetu wa Wierzbnica, anastaafu. Kati ya waliokuwepo siku aliporipoti kazini, wamebaki wawili. Sisi wengine wote ametuajiri yeye, ametufokea yeye, na tunachokijua ametufundisha yeye.

Alizaliwa mwaka 1949, mtoto wa fundi wa reli. Alianza na akodiani katika bendi ya wafanyakazi wa reli, akipiga polka kwenye harusi hadi vidole vikafa ganzi, kisha akaenda mjini Katowice kusomea utunzi. Alipofika Wierzbnica, orkestra ilikuwa na watu ishirini na sita na jiko moja la makaa ya mawe la kupasha ukumbi joto. Wapiga fidla walivaa glavu zilizokatwa vidole. Aliwasikiliza dakika mbili, akawasimamisha.

“Jamani wa tarumbeta, hii ni harusi! Mbona bibi harusi mnampeleka makaburini?”

Kasoro anayo moja: huimba huku akiongoza, na sauti hana. Fundi wa redio aliyekuja kuturekodi alilalamika, “Kuna mzee anaunguruma humu ndani. Mtoeni.” Mpiga besi wetu, Wit Kopaczyński, akamjibu bila kuinua macho, “Mkimtoa huyo, na sisi tunakwenda nyumbani.” Kanda ile tunayo mpaka leo, na mngurumo wake wote.

Simfoni yake ya kwanza aliiandika kwa miaka kumi na mmoja, mezani jikoni, alfajiri kabla ya kuja kazini. Juni 1997 ikakamilika. Kila mwanamuziki alipewa kipande chake akajifunze nyumbani wakati wa likizo. Buku lenyewe, lenye noti za vyombo vyote, lilikuwa moja tu, ofisini kwake, ghorofa ya chini.

Julai maji ya mto Odra yakaingia mjini, Alhamisi mchana. Tulikuwa watatu jengoni: yeye, Wit na mimi, mtunza noti. Tukaanza kupandisha vyombo ghorofani, zikiwemo besi, zile fidla kubwa kuliko mtu. Nilipoona maji yanapita chini ya mlango wa mbele nikapiga kelele, “Mwalimu, ofisini kwako! Simfoni!”

“Besi kwanza, Halszka. Mimi naweza kuandika tena. Wit hawezi kuchonga besi.”

Besi ya nne ilipofika juu, maji yalikuwa kwenye ngazi ya tano na mlango wa ofisi haukufunguka tena.

Siku ya nne nilimpelekea nyumbani beseni lenye kitu kama uji wa karatasi, ndicho kilichobaki cha buku. Nilikuwa nalia. Alilitazama, kisha akauliza, “Watu wetu wote wazima?” Nikasema wazima. Akaingia ndani, na kwa mwezi mzima hakuandika hata noti moja. Tulisikia kwamba anafikiria kuacha kazi.

Nikachukua baiskeli, nikazunguka nyumba hadi nyumba kukusanya vile vipande vya wanamuziki. Kati ya vipande hamsini na kimoja vilivyogawiwa, arobaini na vitatu vilikuwa vimepona. Vingine vilikuwa vimekaushwa kwa pasi. Eulalia Wrzos, mpiga zumari, alikuwa amepoteza kila kitu isipokuwa kitanda. Akanipa kipande chake kikiwa kimekunjwa mara nne.

“Samani zimekwenda,” akasema. “Hiki nilikitia kifuani. Na wewe ukikipoteza, nitakunyonga.”

Nilivimwaga vyote kwenye meza ya Mwalimu, katikati ya viazi alivyokuwa akimenya. Akaanza kuvipekua. Ghafla akanyanyua karatasi moja.

“Nani ameandika hapa ‘haipigiki’?”

Sikumtaja Wit.

“Haipigiki, eti! Tutaona.” Akafuta mikono, akachukua penseli. Vipande vinane vilivyozama alivitunga upya kwa wiki tisa, na kwa maoni yangu ni vizuri kuliko vya kwanza.

Ukumbi ulikuwa bado na unyevu, kwa hiyo Aprili 1998 tuliipiga katika gereji ya zimamoto. Watu wa mji walisimama katikati ya magari, wengi wao wakiwa bado na viatu vya mpira. Noti ya mwisho ilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Walivua kofia kwanza.

Simfoni hiyo sasa imepigwa katika nchi kumi na moja. Popote inapokwenda, Mwalimu hudai kwamba kabla ya jina lake yachapishwe majina ya wale arobaini na watatu waliookoa vipande vyao. Wakubwa wa kumbi wamelalamika kwamba yanamaliza ukurasa mzima. Amewajibu waongeze ukurasa.

Wiki iliyopita tulimuuliza atafanya nini sasa. “Nitakaa safu ya tisa ya wasikilizaji,” akasema, “nikohoe pale penye utulivu kabisa, kama nilivyokoholewa maisha yangu yote.”

Mwalimu, asante kwa kila mara ulipotusimamisha na kusema turudie. Nenda ukapumzike kwa afya njema, na furaha iwe nyumbani kwako. Safu ya tisa tumekuwekea kiti. Kohoa utakavyo, tutapiga kwa nguvu zaidi.

Halszka Mierzwa, mtunza noti