Kiti cha Mpinzani: Miaka Thelathini na Mmoja ya Shangazi Katika Ofisi ya Mauzo

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kuuza magari yaliyotumika kwa miaka thelathini na mmoja, Mkuu wa Mauzo atakabidhi funguo za ofisi yake na kustaafu rasmi. Nyaraka za kampuni zinamtaja kwa cheo hicho. Kwa watu wengine wote, kuanzia mlinzi wa lango hadi Mkurugenzi ambaye amemzidi umri, yeye ni Shangazi. Jina hilo alipewa na mtoto wa mteja aliyekanywa asipige matairi mateke, nalo likamganda kama rangi ya kiwandani.

Alianza akiwa karani wa mapokezi, enzi ambazo kununua gari kulikuwa sawa na kuingia vitani bila ngao. Bei haikuandikwa popote. Mteja alipouliza, muuzaji alimpima kwa macho kuanzia viatu, akataja kiasi, kisha akaenda chumba cha nyuma “kumwombea kwa bosi.” Mara nyingi bosi mwenyewe hakuwepo. Muuzaji alikunywa chai yake taratibu, akarudi akipangusa paji la uso, akatangaza kwamba amepigana kufa na kupona mpaka bei imeshuka. Mteja aliondoka akishukuru, asijue kwamba alichopunguziwa ndicho alichokuwa ameongezewa. Karani wa mapokezi aliyaona hayo yote, akayaweka moyoni.

Alipopandishwa kuwa muuzaji, naye aliteleza. Alimuuzia mwalimu mmoja gari jekundu la milango miwili, zuri la kupigia picha. Asubuhi iliyofuata mke wa mwalimu aliingia mapokezi akiwa na funguo mkononi, watoto wanne nyuma yake, na mume nyuma ya watoto. Akaweka funguo mezani, akasema kwa utulivu uliowatisha wote waliokuwepo: “Mmetuuzia gari la watu wawili, na sisi tuko sita. Chagueni wenyewe, mbaki na gari, au mbaki na gari pamoja na baba yao.”

Meneja wa Mauzo wa wakati huo, ambaye leo ndiye Mkurugenzi wetu, alishikilia kwamba kilichouzwa hakirudi. Shangazi alishikilia kwamba kitarudi, na kikarudi. Hoja yake ilikuwa fupi: mwalimu hakukosea, wala mkewe hakukosea, iliyokosea ni ofisi iliyomsikiliza mmoja na kumwacha mwingine nyumbani. Watu wengi, alisema, hawaumizwi kichwa na gari lenyewe. Wanaumizwa na safari ya kulirudisha nyumbani, wakijiuliza watakutana na uso gani mlangoni.

Wiki hiyohiyo alichukua kiti cha mbao kutoka kantini, chenye mgongo mrefu na mguu mmoja unaochechemea, akakiweka kando ya kiti cha mnunuzi. Akakiita kiti cha mpinzani. Kuanzia siku hiyo, yeyote aliyetaka kununua gari kwake alitakiwa kwanza kumleta yule mtu wa karibu anayelipinga gari hilo: mke, mume, mama mkwe, kaka mkubwa, yeyote. Mpinzani alikaa, akasema yake yote bila kukatizwa, hata kwa neno la kusifia kiyoyozi. Aliponyamaza, Shangazi alimuuliza swali ambalo sasa tunalijua kama salamu: “Umemaliza, au kuna jingine la moyoni?” Mara nyingi lilikuwepo jingine, na hilo ndilo lililokuwa lenyewe.

Meneja hakufurahi. Alisema hajawahi kuona duka linalomtuma mteja akamtafute mtu wa kumkataza. Akampa Shangazi hadi mwisho wa mwaka, na onyo ambalo wafanyakazi wakongwe bado wanalikariri kwa sauti yake: “Mauzo yakishuka, kiti na mwenye kiti mtatoka kwa mlango mmoja.” Mauzo yakashuka. Miezi miwili mfululizo yalishuka, na wenzake wakaanza kumsalimia kwa upole wa kumsalimia mgonjwa. Fundi mkuu alimshauri akifiche kiti hicho, walau meneja anapopita. Shangazi alikisogeza, kweli, akakiweka mahali kinapoonekana vizuri zaidi.

Kisha akaja mfanyabiashara mmoja aliyetaka gari kubwa kuliko yote yadini, na alilitaka saa hiyohiyo. Alipoulizwa kuhusu mpinzani wake, alicheka, akasema nyumbani kwake hakuna mtu wa kumpinga. Shangazi alimwomba basi amwite dereva wake aliyekuwa akisubiri nje. Dereva alikaa kwenye kiti kile kwa unyenyekevu mwingi, akakana kuwa na neno lolote. Shangazi akamuuliza kama amemaliza, au kuna jingine la moyoni. Dereva akaliangalia gari kupitia dirishani kwa muda mrefu, kisha akasema: “Bosi, hili halipiti getini kwetu.”

Mfanyabiashara aliondoka kwa hasira bila kununua kitu. Jioni hiyo meneja alikibeba kiti kwa mikono yake mwenyewe hadi stoo, akakifungia, akamwagiza Shangazi aanze kufungasha. Yeye hakufungasha. Asubuhi alifika kabla ya wote, akasimama kando ya pengo kilipokuwa kiti, akaendelea kuwaomba wateja wawalete wapinzani wao. Wapinzani walikuja, wakasema yao wakiwa wamesimama.

Siku chache baadaye mfanyabiashara yule alirudi. Safari hii alikuwa na futi ya kupimia mkononi na dereva ubavuni. Alikuwa amelipima geti lake. Alilizunguka gari la wastani, akalipima, akaridhika, kisha akaingia ofisini na kuuliza kwa sauti iliyofika hadi karakana: “Kile kiti kiko wapi? Nimemleta mtu wangu, na leo ana mengi.” Meneja ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo. Akakirudisha kiti mwenyewe, akakifuta vumbi kwa leso yake. Baada ya hapo wakaja ndugu wa mfanyabiashara, majirani zake, hatimaye mke wa mwalimu naye, akiwa na orodha ya maswali na mume aliyetulia. Kufikia mwisho wa mwaka hakuna aliyemkumbusha Shangazi lile onyo.

Inafaa ieleweke kwamba kiti hicho kilishusha gharama na hakikuishia kushusha presha tu. Wapinzani huuliza yale ambayo mwenye hamu ya gari hayaoni: linakunywa mafuta kiasi gani, vipuri vyake vinapatikana wapi, matairi haya yatamaliza mwaka? Bibi mmoja, aliyeletwa na mjukuu wake, aliuliza swali lililobadilisha yadi nzima: “Hii ni bei ya gari, au bei ya gari na shida zake?” Shangazi alitafuta jibu kwa miezi kadhaa, akibishana na idara ya fedha, na mafundi, na watu wa bima, hadi kila gari likabandikwa kiooni bei moja isiyonong’onezwa, yenye usajili, bima, matengenezo na matairi ndani yake. Chumba cha nyuma cha “kuombea kwa bosi” sasa ni mahali pa watoto kuchezea wazazi wao wakiendelea kubishana.

Kiti hakikumtii kila mara. Mama mkwe mmoja alipinga kwa msisitizo mkubwa hadi ule mguu unaochechemea ukavunjika; alipoinuliwa aliendelea na sentensi palepale alipoiachia. Mke mwingine alikuja kupinga, akaombwa alijaribu gari, akarudi akitaka lililo ghali zaidi, ikabidi mume ahamie kiti cha mpinzani. Na ukweli lazima usemwe: mwanamke huyu aliyefanikisha mauzo ya magari yasiyohesabika hajawahi kumudu kurudi nyuma. Kibanda cha mlinzi kimejengwa upya mara mbili, na mlinzi akimwona ameshika usukani hutoka nje kwa heshima zote.

Jumatatu iliyopita Afisa Utumishi alimwekea mezani barua ya kustaafu pamoja na kalamu. Shangazi hakuigusa. Aliuliza mpinzani yuko wapi. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache, alikuwa amekuja naye, lakini alieleza kwamba yeye hana pingamizi, amemsubiri nyumbani muda wa kutosha. Tukatazamana. Ndipo Mkurugenzi alipoingia, akavuta kile kiti cha mbao, akakaa.

Alizungumza kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza. Alisema vijana aliowafundisha Shangazi bado wabichi. Alisema wateja watamuuliza. Aliponyamaza, Shangazi alimtazama kama alivyomtazama kila mpinzani kwa miaka yote hiyo, akamuuliza kama amemaliza, au kuna jingine la moyoni. Mkurugenzi akasema: “Nitabaki na watu wanaoniambia ndiyo.”

Shangazi alikubali kwamba hilo ni pingamizi zito. Akajibu kwamba dawa yake ameikalia Mkurugenzi mwenyewe. Halafu akachukua kalamu, akasaini.

Shangazi, ulitukuta tukiuza magari, unatuacha tukiwasikiliza wanaoyanunua. Tunakushukuru kwa kila familia iliyofika nyumbani na gari inaloliweza, ikapokewa kwa vigelegele. Afya njema ikufuate, mzee wa nyumbani akutunze, na kila uendako upate pa kuegesha bila kurudi nyuma. Kiti kimebaki mahali pake, mguu umekazwa, na tumekubaliana kwamba hakitarudi stoo. Sisi tumemaliza. La moyoni limebaki moja tu, nalo ni kwamba bado tunapinga.