Karatasi kwenye Mlango wa Mashine

Waislamu, asalaam aleykum. Wakristo, amani iwe nanyi. Na waliofuata chai, itafika, vumilieni kidogo. Mnanijua kama katibu wa kikundi hiki cha kuzikana. Kazi yetu ni kuzika vizuri, na kuna kipindi nilikaribia kuwapa kazi.

Mnakumbuka kabla ya korona wauguzi walikuwa wanakuja ofisi ya kata hapa Bombambili kutupima matiti. Korona ilipoingia wakasimama, wakaniomba niwatangazie. Niliandika kwa kalamu nene, mwandiko wa mtu aliyesoma chuo kikuu na anataka ijulikane: upimaji wa matiti umesitishwa hadi litakapotolewa tangazo jingine. Nikaibandika karatasi kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Ofisi ya kata watu huikwepa, lakini mashineni kila nyumba hufika.

Wiki zilezile nilikuwa najifukiza, kama wengi wenu. Niko chini ya blanketi, sufuria ya mchaichai na majani ya mpera iko miguuni, nafuta jasho kifuani, mkono ukakuta kitu. Kigumu, ukubwa wa punje ya hindi, titi la kushoto. Nikajifukiza siku tatu zaidi, nikitumaini mvuke utakiyeyusha. Ndugu zangu, mtu mwenye shahada.

Baada ya hapo nilijiambia upimaji umesitishwa. Tangazo lipo, limebandikwa. Nani aliliandika, hilo sikulijadili.

Miezi michache baadaye mmoja wa wauguzi wale akanipigia simu: wameanza tena, niwaambie wanawake. Nikajibu nitawaambia. Sikuwaambia. Hapa ndipo pagumu, kwa hiyo nitasema taratibu. Ningeandika tangazo jipya ingenilazimu niende na mimi, maana katibu hawezi kuwapeleka wenzake halafu yeye akabaki nyumbani. Basi karatasi zikawa zimeisha madukani Majengo. Halafu ikawa mvua. Katika kipindi hicho nilimaliza makala mbili kuhusu ujasiri wa mwanamke wa kijijini.

Asubuhi moja akaja kwangu mama mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Namtumbo, ambaye huja kumsaidia binti yake hapa mtaani. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Akauliza kama ni mimi ninayeandika matangazo ya mashineni. Nikasema ndiyo, nikidhani anataka kuusifu mwandiko.

"Karatasi yako imepauka, mwanangu," akasema. "Kila nikija kusaga naisoma. Hilo tangazo jingine liko wapi?"

Nikaanza habari za karatasi na mvua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa khanga yake kifuani.

"Nina uvimbe hapa tangu palizi. Ulisema tungoje, nimengoja."

Nikamwambia wauguzi wameanza tena siku nyingi, na kwamba nilijua. Nikamwambia na habari ya uvimbe wangu. Akaifunga khanga yake upya. Halafu akasema, "Basi vaa viatu."

Hospitali walitupima sote wawili, wakachukua vinyama kwenda kuvichunguza. Uvimbe wake haukuwa saratani. Wangu ulikuwa saratani, na ulikuwa umeshapita punje ya hindi. Daktari alisema ningewahi, huenda wangetoa uvimbe tu wakaniachia titi. Titi likakatwa. Nikapewa dawa za dripu Dar es Salaam. Nywele zikaondoka, zikarudi na mvi ambazo sikuziagiza. Sasa ninahudhuria kliniki tu, na majibu ni mazuri.

Namshukuru muuguzi yule wa simu, aliyenipokea bila kuniuliza nilikuwa wapi. Nawashukuru ninyi mliokuja kuniona na kujadili hali yangu sebuleni kwa sauti ndogo iliyosikika vizuri chumbani. Na mama yule, aliyeniletea unga wa ulezi kila alipokuja mjini, na hajanikumbusha hata mara moja.

Sijui ni wangapi wengine walisoma karatasi ile wakatii. Tukizika mwanamke, najiuliza. Nilichojifunza ni kwamba woga wangu haukuhitaji mengi. Ulihitaji sababu iliyoandikwa vizuri, na mwandishi alikuwa mimi.

Wauguzi wako ofisi ya kata Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na titi langu moja. Ndugu zangu, hili ndilo tangazo jingine.