Nicanor Randu Garama na Santuri Isiyokuwepo

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Magongo, wafanyakazi wenzake wa zamani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, tunawaomba utulivu, historia hii imeandikwa na familia na inasomwa na mdogo wake marehemu, Ngumbao Garama, kabla msafara haujaondoka kwenda Rabai, na kwa kuwa ndugu yetu aliyachukia makosa kuliko njaa, kila tarehe mtakayoisikia imehakikishwa, na yale ambayo wengine wangependa tuyaruke hatukuyaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1941 huko Ruruma, Rabai, mtoto wa pili wa Mzee Garama na mkewe Mbeyu, wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1950 hadi 1957, na wenzake wa darasani wanakumbuka siku aliyoinua mkono kumwambia mwalimu kwamba tarehe ya ubaoni si ya leo, akachapwa viboko sita kwa ujuaji, kesho yake mwalimu akakosea tena na Randu akainua mkono tena.

Tarehe 2 Januari 1961 aliajiriwa kibarua katika bohari moja ya mafuta hapa Changamwe, mwaka 1965 akapandishwa kuwa karani wa stoo, na huko ndiko alikopewa jina la Mzee Gusa, kwa maana hakutia sahihi pipa lolote ambalo hakuligusa kwa mkono wake, madereva wa malori wakamtukana, wakapiga honi, wakamwita mchawi, naye akapita pipa kwa pipa juani bila haraka. Alistaafu tarehe 30 Juni 1996, na katika miaka thelathini na mitano halikupotea pipa hata moja zamu yake.

Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa kanisani Rabai na dada yetu Nyamvula Ruwa, huyu mnayemwona hapa mbele, na Mungu akawajaalia watoto watatu, Garama aliyezaliwa 1968, Ruwa aliyezaliwa 1972, na kitindamimba wao Kahaso, aliyezaliwa tarehe 17 Desemba 1979, akafariki kwa surua tarehe 23 Mei 1983, akiwa na umri wa miaka mitatu na miezi mitano. Jina na tarehe kwenye msalaba wa Kahaso, marehemu aliziandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, na kila Pasaka alikwenda Ruruma kuzipaka upya, na mkewe anasema katika mambo yote ya nyumba hii hilo ndilo pekee walilolifanya bila kubishana.

Wanaume wengine wakifiwa hunywa, yeye alinunua santuri. Mwaka 1984, pamoja na rafiki yake Nassor, fundi wa redio hapa Magongo, alianzisha chama cha wapenzi wa santuri za bendi za pwani, watu wasiozidi kumi, hawalipwi na mtu, wanakutana Jumapili sebuleni kwake na kuandika kwenye kadi kila santuri iliyowahi kutoka, mwimbaji nani, gitaa nani, namba gani, mwaka gani. Kanuni aliitunga yeye, na alikuwa mkali nayo kama ya kanisa: hakuna anayeleta kadi kwa habari za kuambiwa, lazima awe ameishika santuri na kusoma lebo kwa macho yake, na kadi ikishaingia haifutwi mpaka iletwe santuri yenyewe, au wanachama wawili, mbali na anayeipinga, washuhudie kwamba ni kosa. Watu waliondoka chamani kwa hasira kwa ajili ya mwaka mmoja uliokosewa, na yeye hakuwafuata kuwabembeleza.

Mwaka 1997 kadi hizo zikaanza kuingizwa kwenye intaneti, kwenye orodha kubwa ya muziki inayoendeshwa na wapenzi kama wao walioko ng'ambo, na aliyeziingiza ni Bwana Musyoka, mwanachama tangu 1990, mfanyakazi wa ofisi ya kutoa mizigo pale Kipevu iliyokuwa na kompyuta. Orodha ile humwandika kila mchangiaji na hesabu ya santuri alizoleta, na ghafla santuri za Bwana Musyoka zikawa nyingi mno, leo ishirini, kesho arobaini, zote ati amezishika mkononi. Marehemu akasema mkono gani huo, huyu ananakili kadi za watu na maneno ya vilabuni, nami nitamnasa.

Hapa ndipo familia inapoumia, na tutasema. Mwezi Machi 1998 marehemu, mtu ambaye hakuwahi kuandika uongo maishani mwake, alikaa mezani akaandika kadi moja ya uongo, bendi isiyokuwepo, namba isiyokuwepo, mwaka 1971, na mwimbaji akamwita Kahaso wa Randu, kisha akaichomeka katikati ya kadi nyingine kama mtu anayetega panya. Chamani walimjua kwa jina la Nicanor au Mzee Gusa, hakuna aliyelishtukia jina lile. Nassor alipomuuliza baadaye kwa nini jina la mtoto, kati ya majina yote ya dunia hii, alijibu kwamba alitaka jina asiloweza kulisahau, halafu akasema pia alitamani kuliona limeandikwa mahali pengine zaidi ya msalabani.

Mtego ulinasa kabla ya wiki tatu. Santuri ilitokea kwenye intaneti kwa jina la Bwana Musyoka, imeshikwa mkononi, lebo ya buluu, na marehemu angeweza kumwumbua Jumapili ileile, lakini kiburi kikamwambia ngoja mkutano wa mwaka, waje wote, aibu iwe kamili. Akangoja miezi minane. Ndani ya miezi hiyo mtu wa ng'ambo akaongeza upande wa pili wa santuri, mwingine akasema aliisikia redioni zamani, na mpiga gitaa mmoja mkongwe wa Likoni akaapa wallahi gitaa lile alilipiga yeye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwa na intaneti.

Mkutano ulifanyika Jumapili tarehe 6 Desemba 1998, sebuleni kwake, na kabla marehemu hajafungua kinywa Bwana Musyoka akasimama na karatasi, akasoma kwa fahari maelezo mapya aliyoyachukua kwa yule mpiga gitaa, kwamba Kahaso wa Randu alikuwa mwanamke wa baa za bandarini, mlevi, sauti nzuri tabia mbovu, na kwamba alitoroka na baharia mwaka 1973 akaacha deni la nguo. Nyamvula alikuwa mlangoni na sinia ya chai na mahamri. Aliiweka sinia chini sakafuni, akaingia chumbani, na kwa muda wa miezi mingi hakumwambia mumewe neno ila chakula tayari.

Marehemu akasema palepale kwamba santuri ile haipo, kwamba ni mtego, kwamba Kahaso ni mwanawe aliyezikwa Ruruma. Bwana Musyoka akawa mwekundu wa macho, akasema ameishika, na kama ni kosa basi kanuni ifuatwe, iletwe santuri au wanachama wawili. Loo! Santuri isiyokuwepo utaileta vipi? Nassor alishuhudia, akawa mmoja. Wengine walitazama mahamri, maana nao walikuwa na kadi zao za kuambiwa na hawakutaka kufukuliwa. Nyamvula akatoka chumbani, akasema yeye ndiye aliyemzaa na yeye ndiye aliyemwosha, akajibiwa kwa heshima zote kwamba mama si mwanachama.

Marehemu aliwaandikia wasimamizi wa orodha huko ng'ambo barua kumi na moja, nakala zote tunazo, na majibu yalikuwa ya adabu, kwamba wanamheshimu sana, kwamba kanuni ya kutofuta bila ushahidi waliichukua kwake yeye mwenyewe, na kwamba mpiga gitaa yu hai na anashuhudia. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na huyu wetu alimwingiza mwanawe, na mama wa mwanawe, akabaki nje akivuta kamba isiyokatika.

Tarehe 14 Februari 1999 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, akalazwa wiki tano, akarudi nyumbani akiandika kwa mkono wa kushoto herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, na alichoandika kilikuwa kimoja, FUTENI. Mwezi Agosti Nyamvula alianza kumsemesha tena, si kwa kumsamehe, amesema tusidanganye, bali kwa kumwonea huruma. Hali ilizidi, sukari ikapanda, na Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1999, saa kumi na moja alfajiri, alikata roho mikononi mwa mwanawe Ruwa.

Jumatano iliyopita Bwana Musyoka alileta barua ya rambirambi kutoka kwa wasimamizi wa orodha ile. Yuko hapa, amekaa, na msibani hafukuzwi mtu. Barua inamsifu marehemu kwa miaka kumi na minne ya usahihi, inasema mchango wake utakaokumbukwa kuliko yote ni kumfichua mwimbaji aliyesahauliwa, Kahaso wa Randu, na inaiomba familia, ikiwezekana, picha yake, hata kama imefifia, iwekwe kando ya jina lake.

Nyamvula ametuagiza jibu, nalo ni hili, mbele yenu nyote wanachama na wasio wanachama: Kahaso hakuimba, hakunywa, hakutoroka na mtu, alikuwa amejifunza kuhesabu hadi saba, na picha yake hapati mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Magongo waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa bohari waliolibeba jeneza, kanisa, na Nassor, ambaye peke yake alisema kweli na haikutosha.

Kaburi limechimbwa kando ya Kahaso. Mama mtoto alikataa siku tatu, jana jioni akakubali, akasema alazwe hapo ili yeye mwenyewe amweleze mtoto. Nenda kwa amani, kaka, na kabla hujapumzika, mwombe mwanao radhi.