Mwenye Shamba Aonje Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, shambani, jikoni, au huko ufukweni mkianika usipa, dagaa wetu wa ziwani, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Gaudiosa. Leo namkumbuka kijana mmoja, Sixtus Kinunda. Alikuwa mtoto wa milimani huku kwetu Mbinga. Ametutoka akiwa bado kijana kabisa.

Wengi wenu mnamjua kwa sauti. Ndiye yule aliyekuwa akipiga simu kwenye kipindi cha salamu kutoka Lipingo, kule ziwani, anacheka kabla hajasema jina lake. Siku moja alisema, "Dada Gaudiosa, mwambie mama yangu shangazi ananilisha samaki mpaka suruali imekataa kufunga." Nilicheka hewani, nikashindwa kusoma tangazo la vifo lililofuata. Ilibidi fundi mitambo aweke muziki.

Mama yake, Mama Perpetua, amenituma niseme yote. Nilimuuliza, "Yote, mama?" Akasema, "Yote. Usinifiche."

Haya. Sixtus alikuwa mlevi. Baba yake alipofariki, Sixtus aliacha kulala, akaacha kula, akaacha kwaya. Kisha akaanza kunywa. Watu waliiona pombe tu, kwa sababu pombe inanuka. Huzuni hainuki, jamani. Akapelekwa kuombewa aache pombe. Akakemewa, akatukanwa, akafungiwa ndani. Hakuna aliyeuliza kilichotangulia.

Aliyeuliza ni Praygod. Huyu ni mshauri nasaha, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Moshi. Anazungumza na vijana wenye mawazo mazito na vijana wa pombe na bangi, na anasema mara nyingi ni vijana walewale. Alimuuliza Sixtus, "Usingizi ulipotea kabla ya pombe, au baada?" Sixtus akalia. Akasema, "Kaka, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Ndipo alipoanza kupona. Praygod alishauri akae kwanza mbali na vilabu vya pombe alivyovizoea. Akateremka ziwani, Lipingo, kwa shangazi yake Bonifasia. Huko alivuta nyavu, akaanika usipa, na kila wiki akazungumza na Praygod kwa simu. Shangazi anasema, "Alirudi kuwa mtoto wangu. Alikuwa anaimba akioga, mpaka majirani wananiuliza kama nimefungua kigango cha kanisa."

Msimu wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, ulipokaribia, Sixtus akataka kurudi nyumbani. Baba yake alimwachia kipande cha mlima, na safari hii angekilima kwa jina lake mwenyewe. Praygod alifurahi. Akamwambia, "Nenda. Ila usikae peke yako. Fanya kazi na watu."

Wasikilizaji wapendwa, ushauri ule haukuwa mbaya. Na mimi ningeutoa. Lakini ninyi wa milimani mmeshajua ninakokwenda. Huku kwetu, ngolo za mlima mzima mtu hachimbi peke yake. Unaita ngokela. Majirani wanakuja na majembe, wanakulimia, nawe unawapikia pombe. Huwaiti watu kwa maji.

Praygod hakujua. Ni mgeni. Aliniambia, "Nilimwambia akae na watu. Sikuuliza watu wa hapa hukaaje."

Mama Perpetua alijua, na alijipanga. Msimwone mzembe, tafadhali. Alipika pombe ya wageni ndani ya ndoo. Akapika togwa isiyolevya ya Sixtus, kwenye jagi lenye mfuniko mwekundu, akaliweka mbali, chini ya mkahawa. Akawanong'oneza majirani, "Mwanangu msimpe." Wote wakaitikia. Kilian, jirani yao aliyeongoza kazi siku ile, akasema, "Mama, sisi siyo wanyama."

Wakachimba. Jua likapanda, Sixtus akaimba, wenzake wakaitikia. Mlima ukajaa mashimo, mazuri, yamepangana. Mama anasema hajawahi kumwona mwanawe amenyooka vile.

Kisha pombe ikaletwa. Na pombe yetu hainywewi hivihivi. Mwenye shamba huonja kwanza, watu waone haina kitu kibaya. Tumelelewa hivyo. Kilian akachota, akageuka kama anavyogeuka kila mwaka, akasema, "Mwenye shamba aonje."

Mwenye shamba alikuwa Sixtus.

Kilian hakuwa na nia mbaya, ameniapia na machozi yanamtoka. Mkono ulizoea. Mama alikuwa amefikiria kila kitu, hilo hakulifikiria. Nani anakiona kitu anachokifanya tangu utotoni? Aliniambia, "Nilimwona ananitazama. Ningesema, leteni, nitaonja mimi, nimeipika mimi. Lakini watu walikuwa wamesimama, wanasubiri. Nikaona aibu. Nikatazama chini."

Sixtus akaonja. Watu wakapiga makofi.

Jioni ile alimpigia Praygod. "Kaka, nimeonja." Praygod akamwambia, "Umeonja, hujafa. Kesho njoo." Hakuja. Praygod akapanda bodaboda kumfuata, akamkuta kilabuni, amekaa karibu na mlango. Sixtus akamwambia, "Usinitazame, kaka. Nimewaangusha wote." Praygod akaomba nafasi ya kumlaza mahali pa matibabu. Akaambiwa asubiri. Akasubiri. Shangazi Bonifasia akapanda kutoka Lipingo kumchukua, Sixtus akajificha. Mama akamfungia ndani, Sixtus akavunja dirisha. Kila mtu alifanya alichoweza, na hakuna kilichoshika.

Asubuhi moja mama alikwenda kumwamsha apate uji. Alikuwa amelala chali. Mganga wa zahanati alisema alitapika usingizini, akapaliwa.

Tukamzika. Kwaya yake iliimba, na sauti yake nzito haikuwepo.

Sasa nisikilizeni vizuri, sitarudia. Au nitarudia, basi. Siku ile mlima ulichimbwa wote. Mama alipanda maharage ya Sixtus, na yameota vizuri kuliko ya jirani yeyote. Yanataka palizi. Jumamosi iliyopita Mama Perpetua aliita watu. Akapika togwa, ndoo nzima. Akakaa njiani na kata yake ya kuchotea.

Alikuja Bonifasia. Alikuja Praygod, na jembe la kuazima ambalo hajui kulishika. Watu wengine walipita. Kilian naye alipita. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Akachungulia ndoo, akauliza, "Ni togwa tu?" Mama akasema, "Ni togwa." Kilian akasema anafika mara moja nyumbani, anarudi.

Mama alionja togwa ile mwenyewe, kwanza, mbele ya wale wawili. Wakapalilia mistari michache. Jua likazama, Kilian hajarudi, na togwa iliyobaki ikamwagwa.

Mama Perpetua, shangazi Bonifasia, na ukoo wote wa Kinunda, poleni sana. Poleni na nyumba iliyonyamaza. Mungu ampokee Sixtus, ampe usingizi ule alioupoteza. Nawe Praygod, pole. Kesho una vijana wengine mlangoni, najua.

Na wewe unayenisikiliza, labda una kijana nyumbani ambaye halali. Muulize kilichotangulia. Kisha jiulize unamwitia nini watu wako, na nani unamkabidhi kata ya kwanza. Nilimuuliza mama kama Jumamosi hii ataita tena. Akasema ataita.

Kilian, kama uko karibu na redio, njia unaijua.