Nadine Toler, Mfunga Dari wa Cutler Branch

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2013, Bibi Nadine Toler atavua kofia yake ya taa katika mgodi wa Cutler Branch na hataivaa tena. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja, yote chini ya ardhi, yote katika kazi ya kufunga dari. Chama chetu cha wafanyakazi kimeniomba mimi, Orville Sizemore, dereva wa gari la makaa katika zamu yake, niandike machache ya kusomwa ukumbini kabla hatujagawa maharagwe na mkate wa mahindi. Nilipokwenda kumwuliza angependa niandike nini, aliniambia, "Andika na habari ya Hobert. Ukiiruka hiyo, usiandike kitu." Kwa hiyo wanaotarajia kucheka tu leo watuwie radhi.

Watoto waliohamia mbali na kurudi kwa ajili ya sherehe hii huenda wamesahau kazi yenyewe. Mashine ikishakata makaa ya mawe na kurudi nyuma, juu hubaki mwamba mtupu, usioshikiliwa na kitu. Mtu wa kwanza kuingia chini yake ni mfunga dari. Anautoboa mwamba, anasukuma bolti ndefu za chuma kuunganisha tabaka na tabaka, na akimaliza ndipo sisi wengine tunapita tukijiona mashujaa. Mashine ya kufungia dari huendeshwa na watu wawili, mmoja kila upande.

Mwaka jana gazeti moja la mji mkuu lilichapa ramani ya nchi nzima, kila jimbo na kazi iliyojazana kwake kuliko kwingine. Wengine waliandikiwa wagawa karata za kamari, wengine wavuvi. Sisi wa Virginia Magharibi tukaandikiwa wafunga dari. Kwenye mkahawa wa Thelma watu walifurahi kana kwamba tumeshinda kombe, wakataka ramani ibandikwe juu ya mashine ya kahawa. Nadine aliitazama kwa makini, akairudisha mezani, akasema hesabu yao ina kasoro, maana wamewaacha waliozikwa. Kisha akamaliza kahawa yake.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Baba yake alifunga dari, kaka zake wakafunga dari, na aliyemwoa, Clell Toler, alikuwa mfunga dari wa Cutler Branch. Katika bonde letu mtu haichagui kazi hii. Ukimaliza shule unakuta mlango mmoja umeachwa wazi, unaingia.

Clell alifanya kazi na Hobert Estep. Walikuwa marafiki tangu utotoni, wakavua samaki pamoja, wakafukuzwa shule pamoja, wakapanda mashine moja, Clell kushoto na Hobert kulia. Februari ya mwaka 1981 bamba la jiwe lilidondoka upande wa kushoto. Wake zetu walisimama kwenye theluji mdomoni mwa mgodi kama walivyozoea kusimama king'ora kikilia. Nadine alikuwa amembeba Lonnie, mtoto wa kunyonya, na Dallas, aliyekuwa na miaka minne, ameshika koti lake. Hobert alitoka akiwa mweusi tii, akamwendea, akamwambia Clell amekufa papo hapo, hakusikia hata maumivu. Mchungaji akalirudia neno hilo mazishini. Sisi sote tukalirudia kwa miaka.

Nadine alijaribu kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Kazi ile haikulisha watoto wawili. Mwaka uliofuata alikuja ofisini akaomba kazi ya mumewe.

Sitaki kuficha jinsi tulivyompokea. Wapo waliosema mwanamke mgodini ni mkosi, na wakasema hivyo mbele yake. Hapakuwa na bafu la wanawake, kwa hiyo aliogea kwenye ghala, katikati ya makasha ya bolti, shuka likiwa limening'inizwa kwenye msumari, mpaka chama kilipokuja juu. Virgil Bragg, Mungu amrehemu, alimpakia grisi ndani ya glavu zake. Nadine alizivaa, akafanya kazi nazo zamu nzima. Jioni Virgil alikuta usukani wa gari lake, kiti, vishikio vya milango na hata redio vimepakwa grisi kwa ustadi mkubwa. Virgil alinuka grisi mpaka Pasaka. Baadaye Nadine akaanza kuleta mikate aliyoijaza soseji ya pilipili, akamgawia kila mtu isipokuwa Virgil. Virgil aliomba msamaha siku ya tatu. Ilikuwa mikate mizuri sana.

Lakini lilipofika suala la nani apande naye mashine, kila mtu aliangalia viatu vyake. Hobert Estep ndiye aliyekwenda kwa msimamizi, akasema huyu niachieni mimi. Tulidhani ni heshima kwa marehemu. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na saba, yeye kulia, Nadine kushoto, pale pale aliposimama Clell. Hawakuwa watu wa maneno. Hobert alimwita shemeji, naye alimwita Hobert tu. Hobert aliligonga dari kwa fimbo ya chuma kabla ya kila bolti, asikie kama jiwe limelegea, upande wake na upande wa shemeji yake pia, na Nadine alikuwa akimtania kwamba anamfanyia kazi kama mama mkwe anayekagua sufuria.

Septemba ya mwaka 1999 dari liliporomoka nyuma yetu. Tulikuwa watatu: Nadine, Hobert na mimi, ambaye nilikuwa nimeleta gari kuchukua mzigo. Mbele yetu ukuta wa makaa, nyuma yetu mawe kutoka sakafuni hadi juu. Vumbi lilipotulia tuligonga bomba tukasikiliza. Hakuna aliyejibu. Tulizima taa mbili tukabaki na moja. Maji yalikuwa yakiingia polepole kwenye viatu.

Tulikaa muda mrefu. Hobert alikuwa na kifua kibovu tayari, na hewa ilipoanza kuwa nzito alipumua kwa kelele. Ndipo alipoanza kusema, na mimi nilikuwa karibu nao, sikuwa na pa kwenda nisisikie.

"Shemeji, Clell hakufa papo hapo."

Nadine alimgeukia.

"Aliishi mpaka walipoleta jeki ya kuinulia jiwe," Hobert akasema. "Nilimshika mkono. Alikuwa na akili zake timamu."

"Alisema nini?"

"Alisema nikuambie uondoke. Uwachukue watoto uende kwa dada yako Ohio. Asiingie humu hata mmoja wao."

Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani. Nadine aliuliza taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Na wewe ukaniona naingia humu kila siku?"

"Nilikuona."

Kisha Hobert akaeleza kwa vipande, akikohoa. Alisema alipotoka siku ile na kumwona kwenye theluji na mtoto mikononi, neno la papo hapo lilimtoka lenyewe. Asingeweza kufikisha ujumbe wa Clell bila kukiri kwamba Clell alikuwa na muda wa kuutoa, na muda ule ulikuwa mbaya. Akajiambia atasema kesho, halafu baada ya mazishi, halafu Krismasi ikipita. Alipomwona amesimama ghalani na kofia kichwani, alijua amechelewa. Akaona kilichobaki ni kusimama upande wa pili wa mashine na kuhakikisha dari halimwangukii.

Nadine angeweza kumpiga. Nilimwona amekunja ngumi. Lakini juu yetu mwamba ulikuwa umeanza kulia na kumwaga vile vijiwe vidogo vinavyodondoka kabla ya mawe makubwa, na sote watatu tulijua maana yake. Alisimama. Alituambia tushike mbao. Tulikuwa na nguzo chache zilizokuwa zimerundikwa pembeni, na tulizisimamisha moja moja, Hobert akishikilia na Nadine akigongelea kabari kwa nyundo, akigonga kwa hasira niliyoisikia katika meno yangu. Dari lilishuka kidogo, likakaa juu ya nguzo zile, likatuacha. Kama asingesimama muda ule, leo mngekuwa mnakula maharagwe haya kwa sababu nyingine.

Kikosi cha uokoaji kilitufikia kesho yake. Mtu wa kwanza kupenyeza mkono kati ya mawe alikuwa Dallas, mwanawe wa kwanza, mfunga dari wa zamu nyingine, kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilimwona Nadine akiutazama mkono ule, mweusi, wenye kovu la bolti kwenye kidole gumba. Watu wote walikuwa wakishangilia. Yeye hakuwa na furaha yoyote usoni.

Alimwambia Dallas pale pale kwenye chumba cha kurudishia taa, kabla hajanawa, yale aliyosema baba yake. Dallas akauliza, "Niende wapi, mama? Mke wangu yuko hapa. Kazi nyingine siijui, na wewe hunijui nikifanya nyingine."

Sidhani kama kuna mmoja wetu ukumbini humu mwenye jibu.

Mwezi uleule alimpeleka Lonnie Ohio mwenyewe, akiwa na mizigo yake yote kwenye gari. Leo Lonnie anatengeneza mitambo ya kupozea hewa huko, naye yuko nasi jioni hii, karibu sana. Siku ile aliyompeleka, dada yake Nadine alimsihi na yeye abaki. Nadine alijibu kwamba Dallas bado yuko ndani, akawasha gari. Jumatatu alimwomba msimamizi vitu viwili: asipangwe tena na Hobert Estep, na apangwe na mwanawe. Tangu siku hiyo mama na mwana wamepanda mashine moja.

Majira yote ya baridi hakumsemesha Hobert. Hobert aliacha kazi kwa ajili ya mapafu, akawa anakaa barazani na mtungi wa oksijeni, na mimi nilikuwa nikipita kumpasulia kuni. Nilikuwepo Nadine alipokuja, Aprili, na sufuria ya viazi alivyovikaanga na vitunguu vya mwituni. Aliiweka chini, akabaki amesimama.

"Nimemweka Dallas upande wa pili wa mashine," alisema. "Sasa najua ulikuwa unafanya nini."

Hobert alilia kama mtoto, na mtu mwenye mapafu yale hapaswi kulia.

"Uongo sijakusamehe," Nadine akasema. "Kula, vitapoa."

Alikuja hivyo mara nyingi, mpaka Hobert alipofariki mwaka 2003. Mazishini mchungaji alipoanza kusema kwamba ndugu yetu ameondoka kwa amani, kama aliyelala, watoto wa Hobert walimgeukia Nadine, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa kando ya kitanda cha baba yao saa za mwisho. Waliuliza kama ni kweli. Aliwaambia si kweli. Aliwaambia baba yao alipigania pumzi siku mbili, aliogopa, aliwataja wote kwa majina, na hakuwa peke yake. Binti mkubwa wa Hobert alimshika Nadine mkono, hakuuachia mpaka kaburi lilipojazwa.

Wengi mnajua kilichofuata, maana ni kazi yake kubwa katika chama hiki kuliko bolti zote. Alisimama mkutanoni akataka iwe desturi yetu kwamba anayetoka mahali pa ajali akae chini na familia, aseme alichokiona, na kama kuna neno la mwisho alifikishe siku ileile. Wapo waliosema huo ni ukatili. Alijibu kwamba ukatili umeshatokea, hiyo ni habari tu. Tangu hapo tumefanya hivyo mara tatu. Mimi nilifanya moja. Ni jambo gumu kuliko lolote nililofanya mgodini, na mjane yule bado ananisalimu.

Hastaafu kwa sababu ya umri. Daktari alimwonyesha picha za mapafu yake, yaliyojaa vumbi la makaa, mwaka jana, na aliyeona picha za Hobert hakuhitaji kuelezwa. Siku hizi anapumzika katikati ya ngazi za kanisa, akijifanya anaangalia maua.

Tulimwuliza anataka zawadi gani. Tulikuwa tumefikiria saa ya mkononi. Alisema anataka kumchagua atakayesimama upande wa pili wa Dallas. Msimamizi alikubali. Vijana wenye nguvu walijitokeza, wepesi, hodari, wanaomaliza safu ya bolti kabla wengine hawajashika mashine. Nadine aliwatazama wiki nzima, kisha akamchagua Roscoe Fugate. Mnamjua Roscoe. Anachelewesha zamu, analigonga dari mara mbili mbili, analalamika mpaka kwenye lifti. Vijana walicheka, wakamwuliza kwa nini huyo.

"Huyu anaogopa," Nadine akasema, "na haoni haya."

Roscoe aliona haya wakati huo tu. Kisha alimfuata nje, akavua kofia, akamwambia hatamwacha Dallas, na ikitokea la kutokea, atakuja mwenyewe mlangoni kwake na hatamdanganya. Nadine alimshukuru.

Bibi Nadine, kwa niaba ya chama na zamu yote, asante. Tumepita chini ya dari ulilolifunga tukaenda nyumbani kwetu, tukala, tukawagombeza watoto, bila kukukumbuka, na hivyo ndivyo kazi yako ilivyotakiwa iwe. Upumzike sasa. Pumzi ikutoshe kufika juu ya ngazi bila kuangalia maua usipotaka. Na kila zamu inapotoka, tunakuombea umwone Dallas akiingia uani kwa miguu yake.