Mzee Rula na Mto Uliopita Kipimo

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mzee Rula, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kitinda mimba wa fundi seremala. Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975. Alipenda hesabu, na mwandiko wake ulikuwa mdogo kama nyayo za sisimizi.

Mwaka 1981 aliajiriwa na idara ya maji. Kila asubuhi na jioni alisoma rula ya chuma ya mita nne iliyosimama kando ya daraja, akaandika daftarini, kisha akampigia simu mwenzake wa nchi jirani, mto unakoelekea. Huko, maji yakizidi mita nne, barabara ya bondeni hufungwa.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi cherehani. "Nina mke mwenza," shemeji yetu alipenda kusema juu ya mto, "kila kukicha lazima akajuliwe hali." Walijaliwa watoto watatu, nao walipimwa urefu kwenye mwimo wa mlango kila mwezi, watake wasitake.

Asubuhi ya tarehe 9 Aprili 2006 alikuta rula yote imezama. Simu ilipopokelewa, alitaja namba ya mwisho aliyoijua: "Mita nne." Barabara haikufungwa. Maji yalichukua lori lililokuwa na watu tisa. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa namba ilikuwa daftarini. Tangu siku hiyo tulikuwa tukimkuta amesimama mlangoni, kiganja amekiinua juu ya alama za watoto, kana kwamba maji bado yapo pale.

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi zote mbili na wafadhili walikutana kupanga kuinua barabara ile, maana mvua zimebadilika. Walitandaza madaftari yake mezani na kuchukua mita nne kuwa mafuriko makubwa kuliko yote. Marehemu alisimama.

"Hiyo nne si ya mto. Ni ya rula. Rula iliishia hapo, mto haukuishia."

Mwenzake wa ng'ambo alimtazama. "Kaka, siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Aliwapeleka kwenye ukuta wa nyumba ya pampu kando ya daraja, kwenye mstari aliouchora kwa msumari pale maji yalipofikia, mara yalipopungua. Mwenzake alishika ncha ya pili ya futi ya kupimia. Mita tano na sentimita ishirini. Michoro ikaanzwa upya.

Alistaafu mwaka 2017. Barabara, yenye makalavati mapana, ilifunguliwa mwaka 2019, na rula mpya ya mita saba ikasimikwa. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 2 Mei mwaka huu, mto ukiwa umefurika, bintiye alimwambia kitandani, "Baba, mita nne na tisini. Barabara haijaguswa."

"Rula imebaki?"

"Imebaki, baba. Zaidi ya mita mbili."

Alifumba macho. Alifariki kesho yake, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Mwenzake wa ng'ambo yupo nasi. Amekuja kwa barabara hiyo. Ameacha pia madaftari thelathini na saba. Katika lile la 2006, ile nne hakuifuta. Kando yake aliandika majina tisa.

Apumzike nao kwa amani.