Hatua Tatu Kutoka Ukutani: Maisha ya Savariammal Rayappan

Marehemu Savariammal alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 katika mtaa wa Wadalit, sisi tunaohesabiwa najisi na matabaka ya juu, kijiji cha Karuvelampatti, wilaya ya Virudhunagar. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Gnanamuthu na Bi. Anthoniammal.

Alisoma hadi darasa la tano. Kila asubuhi kabla ya kengele, watoto wa mtaa wetu peke yao ndio waliofagia uwanja wa shule. Hata hivyo alijua kusoma.

Kwa miaka arobaini alipandikiza mpunga katika mashamba ya watu.

Tarehe 8 Mei 1969 aliolewa na marehemu Rayappan, wakajaliwa watoto watatu, mmoja alitangulia. Ndoa hiyo ilikuwa na vipigo, na mwenyewe alikataza isipambwe hapa. "Mwenye shamba akikutukana mchana," alimwuliza mumewe, "mbona jioni unamjibu mgongoni kwangu?"

Mwaka 2012 mjukuu wake alikuwa akimsomea riwaya kuhusu watu kama sisi. Akamkatiza.

"Ngoja. Huyu mwanamke anaitwa nani?"

"Hajatajwa, Bibi."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Tisini."

"Kurasa tisini anapigwa, anabakwa, na jina hajapewa! Aliyeandika hajawahi kutusikia tukisengenyana shambani. Hebu lete daftari."

Vitabu viwili vya hadithi alivyoandika tangu siku hiyo vimejaa wanawake wenye majina. Wanaonewa humo, na wanacheka pia.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Alifariki tarehe 9 Februari 2024 katika hospitali ya wilaya.

Makaburi ya parokia yetu yana ukuta katikati: watu wa tabaka la juu upande wa kanisa, sisi upande wa mfereji. Marehemu aliomba azikwe upande wa kanisa, alipolala padri aliyembatiza. Jana kamati ya makaburi, ya watu wa upande huo, ilikataa.

"Hata maiti yake mnaiogopa?" binti yake Jesintha aliwauliza.

"Nyie mkishasoma mnakuwa na maneno mengi," wakamjibu. "Zikeni kwenu."

Ameacha watoto wawili, Jesintha na Arulappan, wajukuu watano, na daftari la tatu lililoandikwa kurasa kumi na moja.

Kaburi lake liko hatua tatu kutoka ukutani. Hapo ndipo mahali pa karibu zaidi tulipoweza kumfikisha. Siku ukuta huo utakapobomolewa, yeye awe wa kwanza kusikia. Kwa sasa tumwache apumzike kwa amani, alikuwa amechoka.